Vitabu Nilivyopeleka Ukweni

Jamani, mimi niliwahi kufungiwa kwenye ghala la ulezi kwa sababu ya kutaja vitabu ninavyovipenda. Jambo hili nalisema mwenyewe, tena kwa hiari, kabla mtu hajawaletea likiwa limetiwa chumvi, maana najua kuna watu hapa Mlowo wanaolisimulia kila nikigeuza mgongo (na baadhi yao wamo humu humu, nawaona wanavyokonyezana). Juzi mwalimu wa shule ya misheni alinisimamisha mbele ya wanafunzi wake akaniomba niwatajie vitabu vinavyonipendeza na sababu zake, nikamwambia sina hata kimoja, nikaondoka nikiisukuma baiskeli yangu mpaka kwenye kona bila kukumbuka kuipanda. Akadhani nina kiburi, kumbe mwenzake nilikuwa nakumbuka Tunduma.

Kwanza mnijue nilivyokuwa. Nilikuwa karani wa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa huku Mbozi, kazi yangu kupokea madebe ya buni kwa wachumaji, na kazi ile ilinifundisha kutomwamini mtu, kwa sababu mzee wa kanisa na heshima zake zote anaweza kukuletea debe lenye buni juu na majani chini huku akikuuliza habari za mama yako. Basi ikaniingia. Nikiacha sukari ndani naichora alama kwa kijiko, mtu akinisalimia kwa uchangamfu najiuliza anataka kuazima nini, kuku wangu akitaga nje ya banda najua jirani ndiye aliyemwita. Kitu pekee nilichokiamini kilikuwa vitabu. Yule mzungu alikuwa amenunua vya Kiswahili ili ajifunze lugha yetu, ikamshinda, akanipa mimi, nami nikavisoma mpaka nikawa naota kurasa zake.

Sasa Tabitha. Tabitha nilionana naye kwenye mkutano wa kanisa, alikuja na wenzake kutoka upande wa Tunduma, Mnamwanga, amesoma mpaka darasa la nne, na badala ya kuniuliza nina ng'ombe wangapi aliniuliza nasoma nini. Nani amewahi kuulizwa hivyo na msichana? Nikamwambia nina vitabu vinne ninavyovipenda kuliko vyote na nitamweleza siku nitakapofika kwao, na tangu hapo nilimtaka kwa moyo wangu wote, sikuwa na habari ya mwingine. Nyumbani wakakubali, wakasema ni mbali lakini ni Wakristo, wakamteua baba mdogo wangu Asheri awe mshenga.

Shida ilianzia pale nilipotumwa Tunduma na lori la kahawa, nikapita mtaa wa maduka, nikamwona Tabitha amekaa barazani kwa fundi baiskeli mmoja aitwaye Sila, santuri inaimba, na yeye anacheka mpaka anashika mbavu. Sikushuka. Nilijikunyata nyuma ya magunia nikawatazama mpaka lori likaondoka. Na wiki iliyofuata nikamwona nani akitoka kwa yule yule Sila na baiskeli iliyozibwa pancha? Baba mdogo Asheri, mshenga wangu. Nikamuuliza amelipa nini, akasema hakulipa kitu, kijana mwenyewe kakataa kupokea. Nikasema moyoni, mshenga wangu amekwisha nunuliwa kwa pancha.

Basi siku ya kwenda kujitambulisha nikafanya uamuzi mmoja mdogo, nao ndio ulioniponza: nikatia vile vitabu vinne kwenye mkoba wangu wa turubai. Nilijisemea, huyo Sila ana santuri, mimi nina elimu, tutaona wazee watachagua kipi. Baba mdogo akaniona akaniambia niuache, kwamba siku hizi kule mpakani watu hawampendi mgeni mwenye mkoba. Mimi nikamtazama tu. Nikajua anataka nifike mikono mitupu nionekane mjinga. Njiani, juu ya lori, akaanza kunieleza ukoo wa binti, nani ni nani, nani mtoto wa nani, nikamkatiza, nikamwambia mambo ya watu nitayaona kwa macho yangu, sihitaji kuchorewa na mtu. Akajifunika koti, akalala mpaka Tunduma.

Hapa lazima niwaeleze jambo, kwa wale waliokuwa wadogo. Miaka ile upande wa mpaka kulikuwa na hofu ya watu walioitwa banyama, ambao kwingine huitwa mumiani. Walisema ni Waafrika wenzetu walioajiriwa na Wazungu kutafuta damu ya kutengenezea dawa, wanatembea na mkoba, wana maneno matamu, wakikugusa tu mwili unalegea, akili inahama, unawafuata mwenyewe mpaka wanakokupeleka na harufu yako haisikiki tena. Habari zile zilivuka kutoka Rodeshia pamoja na watu waliorudi kwenye migodi ya shaba, na watu wa Tunduma, ambao nusu ya ndugu zao wako ng'ambo, walizipata zikiwa za moto. Sisi wa Mbozi tulizisikia kwa mbali tukacheka. Mimi sikuzifikiria kabisa, kwa sababu kichwani mwangu nafasi yote ilikuwa imejaa Sila.

Tukafika. Tukapokewa vizuri, tukakalishwa kwenye benchi uani. Baba yake Tabitha, Mzee Yonathani, alikuwa mtu mpole mwenye maneno machache, lakini aliyekuwa na sauti pale ni mjomba wa binti, Bensoni, mtu mnene, shingo imekunjamana, aliyefanya kazi Kopabelti, kwenye ile migodi ya shaba, miaka mingi akarudi na kofia ya mgodini na maneno ya Kibemba. Majirani nao walikuja, wanaume upande mmoja, wanawake mlangoni mwa jiko. Na kwenye kigogo karibu na lango alikaa nani? Sila, amepiga pasi. Nikamtazama baba mdogo, baba mdogo akanitikisia kichwa kwa furaha kana kwamba hakuna kitu. Mnaona?

Mnajua taratibu zetu: mchumba akienda ukweni hana mdomo. Anatazama chini, mshenga ndiye anayesema, akiulizwa jina lake anajibiwa na mshenga, akiumwa na siafu anavumilia. Baba mdogo akaanza vizuri, tumeona ua kwenye nyumba yenu, na kadhalika, wakaitikia vizuri, togwa ikaletwa. Halafu mjomba Bensoni akauliza kwa upole sana, kwa neno la heshima la Kibemba, macho yake yako miguuni mwangu, "Mukwai, huyu kijana ndani ya mkoba ana nini?"

Baba mdogo akasema ni vitabu tu. Mjomba akauliza vya nini. Baba mdogo, ambaye hakuwahi kuvifungua, akasema nadhani ni vya dini, tuendelee na lililotuleta.

Pale ndipo damu ilinipanda. Nadhani ni vya dini! Nikaona wazi anavizika vitabu vyangu mbele ya Sila ili santuri ishinde, na nikaona pia kule mlangoni mwa jiko Tabitha amenyanyua uso, anasubiri. Nikasahau taratibu. Nikasimama, mimi mchumba, nikafungua mdomo nikasema siyo vya dini, ni vitabu vyangu vinne ninavyovipenda kuliko vyote, na kama wazee wanataka kunijua mimi ni mtu wa namna gani, basi wasikie ninavyopenda na kwa nini. Uani kukawa kimya. Mimi nikadhani ni kimya cha heshima.

Nikatoa cha kwanza, hadithi ya wasafiri waliopokewa na mwenyeji mkarimu kwenye nyumba kubwa ya pekee njiani. Kitabu kile kiliingiliwa na mchwa kabla sijakipata, mwisho wote umeliwa, na ndiyo sababu nakipenda, kwa kuwa kila nikikisoma najitungia mwisho wangu. Nikawaeleza hivyo kwa ufasaha. Nikasema, "Watu wanaingia ndani mmoja mmoja, wanakaribishwa vizuri, na sijui hata leo kama walitoka. Hapo ndipo utamu wake."

Jirani mmoja mzee alisogeza kiti chake nyuma. Nikadhani anakwepa jua.

Cha pili kilikuwa cha ufugaji wa nyuki. Hiki kwa kweli nakipenda mpaka leo, kwa sababu kinafundisha subira na hakimtukani msomaji, kinakueleza jambo kana kwamba wewe na mwandishi mmekaa pamoja. Nikawaeleza kwamba zamani watu walichukua asali kwa nguvu, wakawaua nyuki, na wenyewe wakaumwa, lakini mimi kitabu kimenifundisha, unamwendea pole pole, bila kelele, unampulizia moshi kidogo, analegea, hana habari, unachukua unachotaka, kesho unarudi tena kwa huyo huyo. Nilikuwa naonyesha kwa mikono (mnajua nikizungumza mikono yangu haitulii). Baba mdogo akanivuta koti kwa nyuma. Nikaupiga mkono wake, nikamwambia kwa sauti ya wote kusikia kwamba najua nani amemtuma.

Hapo uwanja wote ukageuka ukamtazama baba mdogo. Wakataka kujua na yeye ametumwa na nani.

Cha tatu kilikuwa cha mapishi ya Kizungu. Nilikipenda kwa sababu nilikisomea njaa, nikiwa na kiazi kimoja naketi na kitabu nasoma namna ya kupika nyama mpaka kiazi kinakuwa kitamu. Sasa kati ya mapishi yote yaliyokuwemo, mikate na keki na mayai, ulimi wangu ukaenda moja kwa moja kwenye ini na figo. Nikasema Wazungu wanazipenda mno, na mzungu wangu akipelekewa haulizi zimetoka wapi. Nilitaka kuonyesha kwamba nimezoeana na tajiri. Nikasikia mwanamke mmoja jikoni anawaita watoto waingie ndani, wote, na mlango ukafungwa.

Ningeweza kuketi. Kila mtu anayenipenda duniani angeomba niketi. Lakini cha nne ndicho nilichokuwa nimekiweka kiporo, kipenzi changu, kitabu cha afya cha kufundishia wasaidizi wa hospitali, na ndani yake mna picha kubwa ya mtu aliyechunwa ngozi, mishipa yake yote imechorwa, mingine myekundu mingine buluu. Nilikipenda kwa sababu kabla sijakisoma nilidhani nina ugonjwa, kila nikimwona Tabitha kifua kinagonga na masikio yanawaka, na kitabu kile ndicho kilichonieleza kwamba ni moyo tu unasukuma damu, hakuna aliyeniroga. Hilo ndilo nilitaka kulisema. Nilitaka alisikie yeye. Lakini mbele ya wazee niliona haya kulitaja jina lake, kwa hiyo nikaifungua ile picha, nikaizungusha ili kila mtu aione, nikasema hiki ndicho nakisoma kila jioni nikitoka kazini kwa mzungu, na kwamba kinasema mtu mnene ana damu nyingi kuliko mtu mwembamba.

Nikamgeukia mjomba Bensoni. Kwa nini nilimgeukia yeye, Mungu ndiye ajuaye. Nilitaka kumheshimu, nilitaka kumwonyesha kwamba elimu si ya kukaa kwenye karatasi, nikamshika kifundo cha mkono, mimi mchumba kumshika mjomba wa binti, nikabonyeza kidole mahali panapodunda kama kitabu kilivyoelekeza, nikafunga macho, nikahesabu, nikasema kwa furaha ya kweli, "Hongera, mjomba. Inapita vizuri, tena nyingi."

Mjomba aliutazama mkono wake, akanitazama mimi, akautazama tena mkono. Kisha mtu yule mnene akateleza kutoka kwenye kiti taratibu, akakaa chini vumbini, kofia ikamwangukia machoni, akasema kwa sauti ndogo ya mtoto, "Awe, hapana, mukwai, nimelegea. Nishikeni, nisije nikamfuata."

Yaliyofuata sikuyaelewa yote. Wanaume watatu walimshika mjomba miguu na mikono asinifuate (na yeye alikuwa akijitupa kweli kweli upande wangu, mpaka leo sijui kwa nini), wengine wakachukua fimbo, mayowe yakaanza jikoni yakapokelewa nyumba ya pili na ya tatu, na mimi nikiwa bado nimeshika kitabu wazi natoa maelezo kwamba ni mshipa, wazee wangu, ni mshipa tu. Kila nilipoinyanyua ile picha kuwaonyesha walirudi nyuma hatua mbili wakainamisha fimbo mbele. Mzee Yonathani ndiye aliyeniokoa, alisema mtu asiguswe mpaka mwinjilisti aitwe, na kama ni kweli atapelekwa kwa jumbe. Wakanisukuma kwa ncha za fimbo, hakuna aliyetaka kunigusa kwa mkono, mpaka kwenye ghala la ulezi nyuma ya nyumba. Baba mdogo wakamketisha peke yake chini ya ukuta wakamvua viatu asikimbie.

Mliowahi kukaa kwenye ulezi mnajua unavyowasha. Ulinipenya kwenye kola, kwenye soksi, kwenye masikio, jua la mchana limepasha paa, koo limenikauka, na nje nasikia watu wanazidi kuja na kila anayekuja anahadithiwa upya. Mwanzo nilimshika mjomba mkono. Baada ya muda nilikuwa nimemchoma sindano. Mwisho nilikuwa nimekutwa na chupa tatu mkobani, moja imejaa. Niliogopa. Nawaambia ukweli, niliogopa kufa, na nilipochungulia kwenye ufa kuona nani analinda mlango nikamwona Sila na fimbo yake. Hofu yote ikageuka ikawa hasira. Nikasema nimeelewa, haya yote yamepangwa, mjomba kalegea kwa makusudi, baba mdogo kanikalisha pale kwa makusudi, na huyu sasa anangoja watu watawanyike animalize.

Nikiwa katika fikra hizo nikasikia sauti ya Tabitha inaongea na Sila kwa Kinamwanga, chini chini, sikuelewa neno. Sila akatazama huku na huku, akafungua mlango kidogo. Tabitha akaingia ameshika kikombe cha bati mikono miwili, maji yamejaa mpaka ukingoni, na nje watu wote wale walikuwa wamemwona anakuja. Akapiga goti akaninyoshea.

Na mimi nikasema nini? Nilikuwa na kiu ya kufa. Mbele yangu alikuwa msichana niliyesafiri kwa ajili yake. Nikamtazama yeye, nikamtazama Sila aliyeshika mlango, nikayatazama maji, nikamwambia, "Onja wewe kwanza."

Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, nikaona uso wake unavyoelewa. Akainua kikombe akanywa, siyo kuonja, akanywa yote taratibu mpaka tone la mwisho, macho yake yako kwangu, akafuta mdomo kwa kiganja, akasimama akatoka. Mlango ukafungwa. Nikabaki nimekaa kwenye ulezi na ulimi mkavu, na kwa muda kidogo (msinicheke) nilijisifu kwa kuwa mwangalifu.

Mwinjilisti akafika jua linaanza kupungua makali. Nikatolewa. Vitabu vyangu vilikuwa vimepangwa juu ya mkeka, vimewekewa mawe juu kila kimoja. Mwinjilisti alikifungua kile cha afya, akakutana na mtu asiye na ngozi, akakifunga haraka akasema macho yake siku hizi hayaoni maandishi madogo, atafutwe mtu wa kusoma. Watu wakatazamana. Aliyesoma nyumba ile alikuwa mmoja tu.

Tabitha akaja akaketi kwenye mkeka, akaondoa jiwe, akafungua mahali popote akaanza kusoma kwa sauti ile ya darasani. Akasoma habari za kunawa mikono. Akasoma habari za minyoo na namna ya kuchimba choo mbali na kisima, na kina mama wakaanza kusogea. Akafika penye moyo, akasoma kwamba moyo husukuma damu mwilini usiku na mchana, na mtu akiogopa sana huweza kulegea viungo akaanguka, naye hana ugonjwa wowote. Wakamgeukia mjomba Bensoni, ambaye alikuwa amelazwa kwenye kivuli na kitambaa cha maji kichwani. Mtu mmoja akacheka kwa kukohoa. Mwingine akacheka bila kukohoa. Mjomba akakaa, akaomba kofia yake, akasema hata kule mgodini daktari aliwahi kumwambia ana moyo mkubwa.

Basi wakaniomba radhi. Kweli kabisa, Mzee Yonathani alisimama mbele ya watu wote akasema, mwanangu, tulikushuku bure, hofu ilitutangulia, na hata kumshika mjomba tumekusamehe kwa kuwa ni ugeni. Wakamrudishia baba mdogo viatu vyake. Mimi nikavimba kichwa, nikakung'uta ulezi kwenye koti, nikaona mambo yamekwisha na sasa imebaki furaha. Mzee akamgeukia binti yake, kwa sababu kwao wazee hawapokei posa bila binti kuulizwa, akasema, "Mgeni tumemsafisha. Tumpokee?"

Tabitha alikuwa anavipanga vitabu vyangu, kikubwa chini kidogo juu. Alimaliza kwanza. Kisha akasema bila hasira, "Baba, huyu hanyonyi damu ya mtu, ni mtu mwema. Lakini nilimpelekea maji akaniambia nionje kwanza."

Hakuna aliyemuuliza neno jingine. Mzee Yonathani alinitazama kwa namna ambayo hakunitazama hata nilipokuwa nadhaniwa muuaji. Wanawake wakaingia jikoni. Sila, yule Sila, ndiye aliyekuja akanipa mkoba wangu, akanifunga hata kamba yake, akasema kwa masikitiko, "Shemeji, mimi ndiye niliyemwambia apeleke. Alikuwa analia."

Akaniita shemeji. Nikamuuliza baba mdogo, yule ni nani. Baba mdogo akasema ni kaka yake, mtoto wa mama yake mkubwa, wamelelewa nyumba moja, ndiyo maana kwa ile pancha hakupokea kitu, alimwona baba mdogo ni mkwe wao. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia juu ya lori, tulikuwa bado hatujafika hata nusu ya njia, nikamkatiza nikamwambia sihitaji kuchorewa.

Tulirudi na lori la chumvi lililokuwa linatoka kwa wafanyabiashara wa Ivuna. Nililia, sioni sababu ya kuficha. Baba mdogo aliniacha nilie mpaka nikachoka, halafu akasema jambo moja tu, na hajalirudia tena hata tukigombana. Alisema, "Yule binti alipita katikati ya watu wenye fimbo kukuletea maji. Ulitaka akupe jibu gani lingine?"

Tabitha aliolewa mwaka uliofuata na mtu wa upande wa Ileje, nasikia ana amani. Mimi nimeoa pia, nimemshukuru Mungu, na mke wangu akiniletea maji nakunywa yote hapo hapo amesimama, hata kama sina kiu, naye hushangaa kwa nini nikimaliza namrudishia kikombe nikiwa nimekiinamisha kumwonyesha kwamba hakuna kilichobaki.